Uvimbe wa Ubongo kwa Watoto Wadogo na Uzito wa Jina Kamili la Ugonjwa

(Mazungumzo yaliyotolewa na mganga mmoja wa Halmashauri ya Wilaya ya Mbozi mbele ya wakazi wa Kata ya Itaka. Yanachapishwa kwa manufaa ya wasomaji ambao hawakuhudhuria.)



Nashukuru kupewa nafasi katika mkutano wenye ajenda nzito za maji, barabara na pembejeo. Jambo nililoitwa kulieleza ni adimu. Huenda ikapita miaka katika kata hii bila hata mtoto mmoja kulipata, na kwa sababu hiyo wapo watakaouliza kuna haja gani ya kulizungumza. Haja ipo. Malaria kila mzazi anaijua, na homa ikipanda usiku jirani naye atasema, mpeleke kituoni. Lakini uvimbe wa saratani ndani ya ubongo wa mtoto wa miaka miwili haumo katika mawazo ya mzazi, haumo katika mawazo ya jirani, na mara nyingine haumo hata katika mawazo ya mhudumu anayempokea mtoto huyo. Basi mtoto hutibiwa malaria, kisha minyoo, kisha homa ya matumbo, na miezi inakwenda.

Nitaanza na mahali penyewe, kwa kuwa ukipajua mahali utazielewa dalili. Weka kiganja chako nyuma ya kichwa, juu kidogo ya shingo. Hapo ndani upo ubongo wa nyuma, ambao ni mdogo kuliko ule wa mbele lakini ndio unaopanga mwendo: mtoto asimame bila kuyumba, anyooshe mkono na kushika kikombe bila kukipita. Mbele yake upo mfereji mwembamba unaopitisha maji ya ubongo, maji yanayotengenezwa kichwani kila siku na kushuka kuelekea uti wa mgongo. Uvimbe ukiota mahali hapo hufanya mambo mawili. Huharibu mwendo, na huziba mfereji. Maji yakikosa njia yanajaa, na shinikizo ndani ya kichwa linapanda.

Mtoto mkubwa kidogo, wa miaka minne au mitano, atakwambia kichwa kinauma, na kitauma zaidi alfajiri, kwa sababu kulala chali usiku kucha huongeza shinikizo. Atatapika asubuhi kabla hajala kitu. Kisha, na hili ndilo linalowahadaa wengi, baada ya kutapika anapata nafuu, anaomba chai, anakwenda kucheza. Mama anasema, amepona. Kesho alfajiri hali inarudi. Kutapika kwa tumbo bovu kwa kawaida huja na kuharisha au homa, tena huisha baada ya siku chache. Kutapika kwa alfajiri kunakojirudia wiki ya pili na ya tatu, bila homa na bila kuharisha, si jambo la dawa ya minyoo.

Mtoto mchanga hawezi kusema. Mifupa ya fuvu lake haijaungana bado, kwa hiyo shinikizo linapopanda kichwa chenyewe hutanuka, na kwa muda kutanuka huko kunaficha dalili nyingine. Utosi unatuna hata akiwa ametulia, ameketi wima na halii. Mishipa ya kichwani inaonekana. Macho yanaelekea chini na weupe wa jicho unaonekana juu ya mboni, kama jua linalozama nyuma ya kilima. Wengi wetu tunawajua watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi, na tumezoea kudhani kwamba kila kichwa kikubwa ni cha kuzaliwa nacho. Hapana. Kichwa kilichokuwa cha kawaida wakati wa kuzaliwa na kuanza kukua haraka kwenye mwezi wa nane au wa kumi na nne kinahitaji maelezo mengine. Ndiyo maana nawaomba kina mama mdai kichwa cha mtoto kipimwe kwa futi kamba kliniki na vipimo viandikwe. Kipimo kimoja hakisemi mengi. Vitatu vilivyopishana mwezi mmoja mmoja vinasema.

Kwa mtoto wa umri wa kati, anayeanza kutembea, dalili iliyo kubwa kuliko zote ni kurudi nyuma. Alikuwa anatembea, sasa anataka kubebwa. Alikuwa anakaa, sasa anaegemea. Anashika ukuta. Anainamisha kichwa upande mmoja kila wakati, au jicho limeingia makengeza ambayo hayakuwepo. Mama aliyembeba mgongoni ndiye anayetambua wa kwanza, kwa sababu uzito wa mtoto anayejishikilia si sawa na uzito wa mtoto aliyelegea. Mama akikueleza hivyo, wewe baba, usimwambie kwamba mtoto anadeka.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hasa ndilo lililonileta. Mtoto ameonekana na kituo chetu cha afya, amepewa rufaa, amefika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, amepigwa picha ya CT scan, na familia imeambiwa, mtoto ana uvimbe kwenye ubongo. Familia nyingi hapo huona hukumu imekwisha kusomwa. Wapo wanaorudi nyumbani. Wanasema, tulimsikia mtoto wa fulani kule Mlowo alikuwa na uvimbe kama huo, akafa, ya nini kuuza ng'ombe?

Ndugu zangu, mtoto wa fulani hakuwa na uvimbe kama huo. Neno uvimbe ni kama neno mti. Picha ya CT inaonyesha kwamba kitu kipo, kina ukubwa gani na kimekaa wapi. Haisemi kwa uhakika ni kitu gani. Anayesema ni mtaalamu wa patholojia, yule anayechukua kipande cha nyama kilichotolewa na daktari wa upasuaji, akakikata vipande vyembamba kuliko karatasi, akavitia rangi na kuvitazama kwa hadubini. Kabla yeye hajasema, hakuna anayejua hatima ya mtoto huyo.

Afrika Mashariki tunao mfano wetu wa jambo hili, tena unaojulikana dunia nzima. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala, Denis Burkitt, aliandika kuhusu watoto waliovimba mataya. Kabla ya hapo vimbe hizo zilipewa majina tofauti tofauti, kila moja kwa mahali ilipoota: la taya, la jicho, la tumbo. Wataalamu wa patholojia wa Kampala, akiwemo Greg O'Conor, walipovitazama vipande vya nyama waliona kwamba ni ugonjwa mmoja, saratani ya mfumo wa limfu. Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakipita Tanganyika, wakiuliza kila hospitali kama imewaona watoto wa namna hiyo. Baada ya ugonjwa kupata jina lake la kweli ilionekana kwamba unayeyuka kwa dawa, hata bila kisu. Watoto ambao wangekatwa taya bure walipona kwa dawa. Hadubini ilitangulia, tiba ikafuata.

Kwa uvimbe wa ubongo wa nyuma jambo limekwenda kinyume: palipodhaniwa pana ugonjwa mmoja pamekutwa mingi. Jina lililozoeleka ni meduloblastoma. Lilitolewa mwaka 1925 na madaktari wawili wa Marekani, Percival Bailey na Harvey Cushing, waliodhani uvimbe huo unatokana na seli changa waliyoiita meduloblasti. Seli hiyo haijapata kuonekana na mtu yeyote hadi leo, lakini jina limebaki. Majina ya kitaalamu nayo yana ukaidi wake.

Meduloblastoma ya kawaida, chini ya hadubini, ni umati wa seli ndogo nyeusi zilizobanana kama uwele ndani ya gunia. Lakini ipo aina ambamo seli zimepangika katika vinundu vyeupe vilivyozungukwa na nyuzinyuzi. Na ipo iliyo adimu zaidi, inayowapata karibu watoto wachanga na wa chini ya miaka mitatu pekee, ambayo karibu uvimbe wote ni vinundu. Katika picha ya MRI wataalamu huifananisha na kichala cha zabibu. Sisi wa Mbozi tungesema ni tawi la mbuni lililosheheni. Ukiitazama picha hiyo unatishika, kwa maana uvimbe ni mkubwa na umejaa pote. Ajabu ni kwamba hiyo ya kutisha ni miongoni mwa zenye matumaini makubwa. Wapo hata watoto walioripotiwa ambao seli za uvimbe huo, baada ya tiba, zilikomaa zikawa seli tulivu za neva.

Upo upande wa pili. Ipo meduloblastoma ya seli kubwa zilizoharibika umbo, ambayo ni kali na hutawanyika mapema kupitia maji ya uti wa mgongo. Zipo sura nyingine zinazoonekana mara chache mno: moja ina nyuzi za misuli ndani ya ubongo, misuli yenye mistari kama ya paja, iliyoelezwa na Marinesco na Goldstein mwaka 1933, nyingine ina seli zenye rangi nyeusi kama ile inayotia rangi ngozi yetu. Shirika la Afya Duniani sasa halizihesabu hizi mbili kuwa magonjwa ya peke yake. Ni sura za meduloblastoma ile ile.

Tena upo uvimbe ambao kwa miaka mingi ulichanganywa na meduloblastoma kwa sababu seli zake changa zinafanana nayo. Huitwa uvimbe wa rabdoidi. Ulianza kutambuliwa kuwa kitu tofauti katika miaka ya 1980, na hupenda watoto wa chini ya miaka mitatu. Ni mkali kuliko meduloblastoma nyingi na unahitaji tiba nzito zaidi. Macho peke yake, hata ya mtaalamu bingwa, yanaweza kukosea. Kinachoutenga ni kipimo cha rangi maalumu kinachotafuta protini iitwayo INI1. Katika seli za kawaida protini hiyo ipo. Katika seli za rabdoidi nyingi imepotea. Fikirini: watoto wawili wa umri mmoja, wenye dalili zile zile na picha za CT zinazokaribiana, mmoja ana uvimbe wa vinundu, mwingine ana rabdoidi. Anayewatibu sawasawa hao wawili atamdhulumu mmoja wao.

Dhuluma hiyo inakuja kwa njia ya mionzi. Tiba ya meduloblastoma kwa mtoto mkubwa ina sehemu tatu: upasuaji wa kuondoa uvimbe kadiri inavyowezekana kwa usalama, mionzi ya kichwa na uti wa mgongo wote, na dawa za kuua saratani. Mionzi inafanya kazi kubwa. Lakini ubongo wa mtoto wa chini ya miaka mitatu bado unajengwa, na mionzi ikiupitia hubomoa pia kile kinachojengwa. Mtoto anaweza kupona saratani akabaki hawezi kujifunza kusoma, mfupi kuliko wadogo zake. Kwa sababu hiyo madaktari hujitahidi kuwatibu watoto hao wadogo kwa upasuaji na dawa, na kuiepuka mionzi au kuichelewesha. Mwaka 2005 madaktari wa Ujerumani wakiongozwa na Stefan Rutkowski walichapisha habari za watoto 43 wa chini ya miaka mitatu waliotibiwa hivyo. Wenye aina ya vinundu na nyuzinyuzi ndio walioendelea vizuri zaidi. Wengi wao waliishi bila kuguswa na mionzi. Kwa hiyo daktari anapokwambia, subiri majibu ya nyama kabla hatujaamua, usidhani anakupotezea muda. Majibu hayo ndiyo yatakayoamua kama kichwa cha mwanao kipitishwe mionzi au kisipitishwe.

Naomba sasa niwe wa vitendo, maana wengi mnajiuliza safari hiyo inakwendaje. Upasuaji wa ubongo wa mtoto, patholojia yenye vipimo hivyo vya rangi maalumu, na wodi ya saratani ya watoto vinapatikana Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Mifupa na Upasuaji wa Ubongo na Mishipa ya Fahamu, MOI, na Hospitali ya Taifa Muhimbili, ambazo zimekaa eneo moja. Mionzi hutolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road, na kwa Kanda ya Ziwa, Bugando. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Sitawadanganya kwamba ni mwendo mwepesi kwa mtu mwenye ekari mbili za kahawa na watoto wengine nyumbani. Lakini mzigo wa fedha si kama unavyotangazwa vijiweni. Sera ya nchi inamsamehe mtoto wa chini ya miaka mitano gharama katika vituo vya umma. Muhimbili lipo shirika la Tumaini la Maisha, linaloshirikiana na hospitali kuwatibu watoto wenye saratani bila kuwatoza wazazi. Na kila hospitali ya rufaa ina afisa ustawi wa jamii. Mtafuteni huyo siku ya kwanza, msingoje mpaka nauli ya kurudi imeisha.

Ombeni rufaa ya maandishi, wala msiondoke kwa maneno ya mdomo. Bebeni kadi ya kliniki yenye vipimo vya kichwa. Picha za CT zibebwe zenyewe pamoja na karatasi ya majibu yake.

Kuhusu kipande cha nyama nitasema kwa urefu kidogo, kwa kuwa hapo ndipo mambo mengi huharibikia kimyakimya. Katika hospitali nyingi, kinapotoka chumba cha upasuaji, ndugu wa mgonjwa ndiye anayekabidhiwa kichupa akipeleke maabara. Kichupa hicho kina maji makali yaitwayo formalini, yanayozuia nyama isioze. Usiyamwage kwa sababu ya harufu. Usiongeze maji ya bomba. Usikiweke kwenye barafu ukidhani unakitunza. Barafu huzipasua seli. Kipeleke siku hiyo hiyo, uhakikishe jina la mtoto limeandikwa kwenye kichupa na si kwenye kifuniko peke yake, uombe namba ya kumbukumbu ya maabara na uiandike. Nimepata kuona familia iliyokaa na kichupa nyumba ya wageni kwa siku tisa wakisubiri mjomba mwenye fedha afike. Mtoto alikuwa amepasuliwa vizuri, lakini nyama haikusomeka. Ikabidi madaktari wakisie.

Majibu huweza kuchukua wiki kadhaa. Yakitoka, muulizeni daktari maswali haya bila woga: jina kamili la uvimbe ni lipi? Ni aina gani ndani ya jina hilo? Kipimo cha INI1 kimefanyika? Uvimbe umebaki kiasi gani baada ya upasuaji? Daktari mwema hatachukizwa. Takeni nakala ya karatasi, muitunze pamoja na cheti cha kuzaliwa, maana hata baada ya miaka kumi kuna daktari atakayeihitaji.

Mmoja wa wazee aliniuliza kabla ya mkutano kama ugonjwa huu unatokana na kurogwa, au na mimba iliyobebwa vibaya. Mzee wangu, nakuheshimu, nami nitajibu wazi. Chanzo ni kasoro katika maelekezo ya ukuaji ndani ya seli, na kwa watoto walio wengi kasoro hiyo huzuka yenyewe. Hakuna alichokula mama, wala shamba alilolima, wala mtu aliyemkosea. Kwa watoto wachache, hasa wenye rabdoidi au uvimbe wa vinundu, kasoro huwa imerithiwa, na ndiyo maana daktari anaweza kuuliza habari za ndugu wa pande zote mbili. Anauliza ili awalinde watoto watakaofuata. Maswali hayo yasigeuzwe kuwa kesi ya ukoo.

Nao waganga wetu wa jadi, ambao najua baadhi yao mmo humu, nina ombi moja kwenu. Mtoto akiletwa kwenu anapepesuka, anatapika alfajiri, au utosi umetuna, msimchanje kichwani na msimweke siku saba. Mleteni kituoni siku hiyo hiyo, hata mkitaka kufuatana naye. Watu wanawasikiliza ninyi, na neno lenu la kusema nenda lina nguvu kuliko langu.

Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2018 mpango wa dunia nzima wenye lengo kwamba kufikia mwaka 2030 angalau watoto 60 katika kila 100 wanaougua saratani wawe wanapona. Katika nchi tajiri wanapona zaidi ya 80; katika nchi nyingi za kipato cha chini hawafiki 30. Sehemu ya pengo hilo ni mashine na dawa, na hayo ni ya serikali kuyashughulikia, nasi watumishi tuendelee kuyadai. Sehemu nyingine ni miezi inayopotea kati ya siku mama alipoona mtoto anashika ukuta na siku alipopata karatasi ya rufaa. Miezi hiyo inapotelea hapa hapa, kabla ya Mbeya na kabla ya Muhimbili.

Ndugu Mwenyekiti, muda niliopewa umekwisha. Muuguzi wa kliniki ya watoto amekuja na futi kamba na daftari. Mkutano ukifungwa tutakaa pale kwenye benchi la ofisi ya kata, na yeyote mwenye mtoto wa chini ya miaka mitatu aje na kadi yake tumpime kichwa. Aliyesahau kadi aje vilevile. Tutamwandikia kwenye karatasi.